Mizani Hupigwa Chapa, Je, Kingamwili?

Kila mfanyabiashara wa sokoni hapa nchini anajua kwamba mizani yake haina budi kukaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kupigwa chapa. Akikutwa na mizani isiyo na chapa amevunja sheria, hata kama mizani hiyo inapima sawasawa. Hatujapata kusikia watu wenye busara wakidai kwamba huko ni kumwonea. Mkulima aliyeleta gunia lake na mama anayenunua nusu kilo ya unga hawana njia nyingine ya kujua kwamba wametendewa haki.

Lakini damu ya mtoto aliyekula unga huo inapopelekwa maabara ili tujue ameingiwa na sumukuvu kiasi gani, mara nyingi kipimo kinachotumika hakina chapa ya mtu yeyote, isipokuwa karatasi ya kiwanda kilichokiuza. Kipimo hicho ni kingamwili. Nia yangu katika makala hii ni kueleza kwa nini hali hiyo ni ya hatari, na kwa nini ni wajibu wa Baraza, pamoja na sisi watafiti, kuiondoa.

Sumu iachayo alama

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu za jamii ya Aspergillus, hasa Aspergillus flavus, zinazoota katika mahindi na karanga. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, sumu hiyo iliwapata watu 317, na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yalitokea kwetu pia, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hayo ni maafa yanayoonekana. Yasiyoonekana ni yale ya mtu anayekula sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi, hasa akiwa pia na virusi vya homa ya ini aina ya B, hadi saratani ya ini inapomkuta.

Kumjua aliyekula sumu si kazi rahisi. Sumukuvu haionekani kwa macho, haina ladha, wala haiondolewi na moto wa jikoni. Punje moja ya mhindi yaweza kuwa na sumu nyingi na punje iliyo ubavuni mwake isiwe nayo hata kidogo. Kwa hiyo kupima unga uliobaki katika debe leo hakutuambii mtoto alikula nini mwezi uliopita. Ndiyo maana wataalamu hupima damu.

Sumukuvu aina ya B1 ikifika katika ini hugeuzwa na vimeng'enya vya mwili kuwa kemikali isiyotulia, ambayo hujishikiza popote inapopata nafasi. Hujishikiza katika DNA, na hapo ndipo saratani inapoanzia. Hujishikiza pia katika albumini, ambayo ni protini iliyo nyingi kuliko zote katika majimaji ya damu, kwenye sehemu zake ziitwazo laisini. Nusu ya albumini ya mtu huondoka na kutengenezwa upya kwa muda wa siku zipatazo 20. Hivyo, albumini iliyokwisha kushikwa na sumu hubaki damuni kama kumbukumbu ya chakula cha miezi miwili au mitatu iliyopita.

Alama yenyewe ni ndogo mno. Uzito wa molekuli ya sumukuvu haufikii sehemu moja katika 200 ya uzito wa molekuli ya albumini iliyoibeba. Tena, hata katika damu ya watoto ambao wamekwisha kuthibitika kuwa wanakula sumu hiyo, albumini zenye alama huwa ni chache tu katika kila milioni moja. Ni sawa na kutafuta watu wachache wenye kovu dogo shavuni katika mji mzima.

Shahidi wa maabara

Kazi hiyo ya kutafuta hufanywa na kingamwili. Mwili wa mnyama ukiingiliwa na kitu kigeni hutengeneza protini zenye umbo linalokamatana na kitu hicho, kama ufunguo unavyokamatana na kufuli. Molekuli ya sumukuvu peke yake ni ndogo mno kuushtua mwili. Kwa hiyo mtaalamu huifunga katika protini kubwa, akamdunga sungura au panya, na baada ya wiki kadhaa akavuna kingamwili kutoka katika damu ya mnyama huyo. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, Uingereza, waliunganisha seli inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani, wakapata ukoo wa seli unaoendelea kutoa kingamwili ya aina moja tu. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne.

Tangu wakati huo maabara za dunia zimejaa kingamwili za kutambua protini zilizobadilishwa kikemia kwa kila namna: zilizopachikwa fosfati, zilizoshikwa na sukari katika damu ya wagonjwa wa kisukari, na hizi zetu zilizoshikwa na sumu. Kwa ajili ya sumukuvu, wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, huko Lyon, Ufaransa, walitangaza mwaka 1990 kipimo cha aina ya ELISA ambacho kimetumika sana katika Afrika.

Yafaa ieleweke jinsi kipimo hicho kinavyofanya kazi, maana hapo ndipo penye mtego. Albumini ya mtu hukatwakatwa kwa kimeng'enya hadi vipande vidogo. Vipande hivyo hutiwa pamoja na kingamwili katika visima vya sahani ambayo kuta zake zimepakwa sumukuvu. Kingamwili ni chache. Zikikamatwa na vipande vya damu, hazibaki za kukamata ukuta. Mwishoni hutiwa kemikali inayotoa rangi mahali palipo na kingamwili ukutani. Kwa hiyo rangi ikikolea sumu ni kidogo, na rangi ikififia sumu ni nyingi.

Msomaji mwangalifu atauliza: je, rangi haiwezi kufifia kwa sababu nyingine? Naam, yaweza. Kingamwili iliyoharibika njiani kwa joto hufifisha rangi. Kimeng'enya cha kukatia albumini, kisipouawa barabara, hukatakata na kingamwili yenyewe, na rangi ikafifia vile vile. Kingamwili inayokamata kitu kingine chenye umbo la kufanana na sumukuvu hufifisha rangi pia. Sahani haisemi sababu ni ipi. Inaonyesha rangi tu, na mashine inaandika namba.

Sungura aliyekufa

Naomba nieleze jambo lililotokea katika maabara yetu wenyewe, nalieleza bila ya kujivunia. Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili alikuwa akichunguza kama kukausha mahindi juu ya maturubai, badala ya kuyaanika ardhini, kunapunguza sumukuvu katika damu za watoto. Alichukua damu kabla ya msimu wa kwanza wa maturubai, akapima. Baada ya mavuno yaliyofuata akachukua tena, akapima. Namba zilishuka karibu nusu. Ofisa wa kilimo alifurahi, wazazi walifurahi, nami sikufurahi kidogo. Tulikwisha kuandika barua ya kuomba mkutano wa kijiji ili tutangaze matokeo.

Wiki moja kabla ya mkutano, mwanafunzi huyo alikuja ofisini mwangu akiwa na chupa mbili mkononi. Namba ya bidhaa ilikuwa ile ile, kiwanda kile kile, lakini namba ya toleo ilikuwa tofauti. Chupa ya kwanza ilikuwa imekwisha baada ya msimu wa kwanza, tukaagiza nyingine. Alitaka ruhusa ya kutumia kingamwili ya chupa mpya kupima tena seramu za msimu wa kwanza, ambazo sehemu yake ilikuwa bado imehifadhiwa katika jokofu la kugandishia. Nilimjibu kwamba chupa ile ni ghali na iliyobaki ni kidogo. Aliniambia kwa adabu, "Mwalimu, tukitangaza bila kujua, itakuwa ghali zaidi." Nikampa ruhusa.

Seramu za msimu wa kwanza, zilipopimwa kwa chupa mpya, nazo zilishuka karibu nusu. Maturubai hayakuwa na sifa wala lawama. Kilichobadilika ni chupa. Tulipoandikia kiwanda tulijibiwa kwa maneno machache kwamba sungura aliyetoa kingamwili za toleo la kwanza alikwisha kufa, na la pili limetoka kwa sungura mwingine. Karatasi iliyokuja na chupa haikuwa imelitaja jambo hilo. Sungura wawili, hata wakidungwa kitu kimoja, hawatoi kingamwili zilizo sawa. Huyu wa pili hakuvitambua vipande vile vile alivyovitambua mwenzake.

Tulifuta mkutano. Mwanafunzi alianza kazi upya akachelewa kuhitimu. Nami nimebaki na swali moja: kama asingekuwa na ukaidi ule, au kama umeme ungekatika siku tatu mfululizo na seramu za zamani zikaharibika, ni mkulima yupi angejua kwamba tulimdanganya? Wazazi wangeambiwa kwamba watoto wao wamepona nusu, na wengine wangeacha kujitahidi.

Tatizo si letu peke yetu

Isidhaniwe kwamba mambo haya huzipata maabara maskini tu. Mwaka 2011 watafiti walichapisha uchunguzi wa kingamwili zaidi ya 200 zinazouzwa kwa ajili ya kutambua mabadiliko ya kikemia katika histoni, yaani protini ambazo DNA huzizunguka. Zaidi ya robo zilishindwa jaribio la kutambua alama zilizodaiwa kuzitambua. Mwaka 2023 kikundi chenye makao yake Montreal, Kanada, kilichapisha uchunguzi wa kingamwili 614 za protini 65. Kiliona kwamba, kwa wastani, kila protini ilikuwa na makala zipatazo 12 zilizokwisha kuchapishwa kwa kutegemea kingamwili iliyoshindwa kuitambua protini hiyo. Hizo ni makala ambazo wanafunzi wetu huzisoma na kujenga juu yake.

Tofauti kati yetu na wenzetu ni moja. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng'ambo, chupa ikitiliwa shaka iliagizwa nyingine, ikafika kesho yake. Hapa chupa husafiri kwa ndege ndani ya barafu kavu, kisha ikangoja forodhani huku barafu ikiyeyuka, na bei yake ni kubwa kuliko mshahara wa mwezi wa fundi wa maabara. Kitu kilichopatikana kwa taabu namna hiyo mtu huona uchungu kukitumia kwa majaribio ya kukikagua. Kwa hiyo sisi, ambao chupa zetu zimepita katika joto na ucheleweshaji mwingi zaidi, ndio tunaozikagua kidogo zaidi.

Namba mbili za watoto wa Tanzania

Hata pale ambapo kingamwili ni nzuri na watafiti ni waangalifu, kutojua kipimo kinapima nini hasa kunaweza kutupotosha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia watoto 166 wa vijiji vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro. Kwa kipimo cha ELISA, wastani wa sumu katika albumini yao ulipanda kutoka pikogramu 4.7 kwa kila miligramu ya albumini mwanzoni, hadi 12.9 baada ya miezi sita, na 23.5 baada ya mwaka, kadiri watoto walivyozidi kula vyakula vya familia. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusu watoto wa Haydom, mkoani Manyara. Huo ulitumia mashine ya kupambanua molekuli kwa uzito wake, na wastani wa watoto wa miezi 24 ulikuwa 5.1.

Mtu akiziweka namba hizo mbili bega kwa bega katika taarifa fupi ya ukurasa mmoja, atasema watoto wa Haydom wamesalimika. Pengine kweli wanakula sumu kidogo zaidi. Mahali, miaka na umri wa watoto ni tofauti. Lakini sehemu ya tofauti hiyo ni ya vipimo, si ya watoto. Mwaka 2008 watafiti walilinganisha njia hizo kwa seramu zile zile za watu. Namba zilikwenda pamoja vizuri, aliyekuwa na nyingi kwa njia hii alikuwa na nyingi kwa njia ile. Ila za ELISA zilikuwa kubwa zaidi ya mara mbili. Sababu inaeleweka: mashine huhesabu laisini iliyoshikwa na sumu na kitu kingine haikihesabu, ilhali kingamwili hukamata pia vipande vingine vyenye sumu hiyo.

Hakuna aliyekosea hapo. Kilo na ratili zote ni vipimo halali. Kosa ni la yule anayesoma namba bila ya kuuliza ni kilo au ratili, kisha akaamua wilaya ipi ipelekewe mashine za kukaushia mahindi na ipi ingoje.

Hoja za wanaopinga

Nimewasikia wenzangu wakisema kwamba nchi yenye fedha kidogo za utafiti haiwezi kuzitumia kukagua chupa. Nawajibu kwa hesabu ya maabara yetu. Jaribio la kulinganisha matoleo mawili lilitumia sahani mbili na siku mbili. Kutolifanya mapema kulitugharimu msimu mzima.

Wengine, na hoja yao ni nzito zaidi, wanasema kwamba kutangaza mashaka ya vipimo kutawapa nguvu wafanyabiashara wanaokana kuwako kwa sumukuvu. Nalielewa jambo hilo. Lakini mtu asiyetaka kuamini hangojei mashaka yetu, atayatafuta mwenyewe. Na siku atakapoigundua namba moja mbovu ambayo sisi tuliinyamazia, atazikataa na zile njema mia moja. Wakala wa Vipimo haukuvunja imani ya watu katika mizani kwa kuikagua. Uliijenga.

La kufanya

Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya.

Kwanza, Baraza lisipokee taarifa ya utafiti uliotumia kingamwili isipokuwa imeandikwa ndani yake jina la kiwanda, namba ya bidhaa, namba ya toleo, na matokeo ya majaribio mawili ya lazima: seramu isiyo na sumu kabisa, ambayo haina budi kuonekana safi, na albumini iliyotiwa sumu kwa kiasi kinachojulikana, ambayo haina budi kusomeka kwa kiasi hicho.

Pili, gharama ya majaribio hayo iandikwe katika bajeti na Baraza liilipe. Sharti lisilo na fedha litatimizwa kwa kalamu tu.

Tatu, iwekwe akiba ya taifa ya seramu za kulinganishia, katika majokofu mawili yaliyo katika miji miwili, kila moja likiwa na jenereta. Maabara zote zinazopima sumukuvu zipewe sehemu ndogo ya seramu hizo kila mwaka bila ya kuambiwa zina kiasi gani cha sumu, kisha majibu yalinganishwe. Wenzetu wa Kenya na Uganda wana tatizo lile lile na mahindi yale yale yanayovuka mpaka, inafaa waalikwe.

Nne, pale inapowezekana tununue kingamwili zisizotegemea uhai wa mnyama, yaani zile zinazotengenezwa na seli kwa maelekezo ya jeni yanayojulikana na kuandikwa. Katika uchunguzi wa Montreal nilioutaja, hizo ndizo zilizofanya vizuri kuliko zote. Kingamwili ya namna hiyo, ikithibitika mara moja, yaweza kutengenezwa ile ile tena hata baada ya miaka 20.

La tatu ndilo linaloweza kuanza upesi. Mwanafunzi yule amekwisha kuhitimu, lakini kisanduku chake cha seramu bado kimo katika jokofu letu, kila kichupa kikiwa na tarehe na alama kwa mwandiko wake. Tumekwisha kukitumia mara tatu kukagua chupa mpya, na mara moja kilitufanya tuirudishe chupa kiwandani. Kisanduku hicho kinatosha maabara moja kwa miaka michache tu. Kuweka kikubwa zaidi, kwa ajili ya nchi nzima, ni kazi ambayo Baraza linaweza kuianza katika mwaka ujao wa fedha.